Kuikabidhi Roboti Kazi ya Kuzimua Dawa: Mwongozo wa Kuandaa Sahani za MIC Katika Maabara ya Mikrobiolojia

Katika maabara ya mikrobiolojia kuna kazi zinazodai akili ya mtaalamu, na kuna kazi zinazodai mkono wake tu. Kutazama agari ya damu na kuamua ni koloni ipi yenye maana ni kazi ya akili. Kuhamisha mikrolita 50 kutoka kishimo kimoja hadi kingine, mara tisa kwa kila mstari, sahani baada ya sahani, ni kazi ya mkono, na mkono huchoka. Ifikapo sahani ya nne kidole gumba hakisukumi pipeti kama kilivyosukuma asubuhi, na kosa linaloingia hapo halionekani kwa macho, kwa sababu dawa iliyopungua na dawa iliyotimia zote hufanana na maji.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuikabidhi roboti kazi hiyo moja, yaani kuandaa sahani za vishimo 96 zenye antibiotiki iliyozimuliwa kwa mfululizo, ili kupima kiwango cha chini cha dawa kinachozuia ukuaji wa bakteria, ambacho maabara zote hukiita MIC. Mfano wetu ni gentamisini dhidi ya bakteria wa jamii ya E. coli, na roboti ya mfano ni Opentrons OT-2, ambayo ina nafasi 11 za kuweka vyombo, hubeba pipeti mbili kwa wakati mmoja, na huendeshwa kwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Mwenye mashine ya Hamilton au Tecan atabadilisha majina ya amri, lakini mantiki ya kazi itabaki ile ile. Mitambo mikubwa kama WASPLab ya Copan au BD Kiestra, inayopokea sampuli, kuzipaka kwenye agari, kuzipeleka inkubeta na kuzipiga picha, ina bajeti yake na mwongozo wake, na haitazungumziwa hapa.

Kwanza: tenga sehemu ya kazi isiyo na bakteria

Kosa la wengi wanaonunua roboti ni kutaka iifanye kazi nzima tangu siku ya kwanza. Kipimo cha MIC kina sehemu mbili zinazotofautiana sana kwa hatari. Sehemu ya kwanza ni kugawa mchuzi wa lishe na kuzimua dawa, ambako hakuna kiumbe hai chochote. Sehemu ya pili ni kuongeza bakteria. Roboti iliyo wazi juu ya meza si kabati la usalama wa kibaiolojia. Kila inapochanganya kimiminika kwa kunyonya na kumwaga, na kila inapopuliza tone la mwisho, inaweza kurusha matone madogo hewani. Kuiingiza roboti ndani ya kabati nako si suluhisho jepesi, kwa kuwa mwili wake na mkono unaokwenda huku na huko huvuruga mkondo wa hewa ambao ndio kinga yenyewe ya kabati.

Kwa hiyo anza na sehemu ya kwanza peke yake. Roboti iandae sahani zenye dawa, na mtaalamu aongeze bakteria ndani ya kabati kwa pipeti ya chaneli nane. Kwa hesabu ya mikono, sehemu hii ya kwanza ndiyo yenye miguso mingi zaidi na ndiyo inayobeba makosa mengi zaidi, kwa hiyo hupotezi faida kwa kuanza hapo. Kama bakteria wataongezwa na roboti siku za usoni, iwe ni baada ya tathmini ya hatari, na iwe ndani ya kizimba chenye uchujaji wa hewa unaokubalika kwa vimelea mnavyovishughulikia. Vimelea vya kifua kikuu na vingine vya kundi la tatu la hatari visikaribie jukwaa lililo wazi kwa hali yoyote.

Pili: iandike kazi kwa maneno kabla ya kuandika programu

Mtaalamu aliyezoea kazi hufanya mambo mengi bila kujiambia. Huinua ncha ya pipeti kidogo anapoona povu, husubiri kidogo kimiminika kizito kipande, hugusisha ncha ukutani ili tone lisining'inie. Roboti haitafanya lolote kati ya hayo isipoambiwa. Chukua utaratibu sanifu wa kazi mlionao, kaa kando ya mwenzako anayeifanya kazi kwa mkono, na uandike kila tendo pamoja na ujazo wake, mahali ncha ilipo, na mara ngapi tendo limerudiwa. Utagundua kwamba utaratibu ulioandikwa na kazi inayofanywa havifanani kabisa, na ni afadhali kugundua hivyo kwenye karatasi kuliko kwenye majibu ya mgonjwa.

Ramani ya sahani yetu ni hii. Sahani ina safu 12 zilizopewa namba na mistari minane, kuanzia A hadi H. Safu ya 1 hadi ya 10 zina dawa, safu ya 11 haina dawa na hutumika kuthibitisha kwamba bakteria wanakua, na safu ya 12 ina mchuzi mtupu wa kuthibitisha utasa. Kila mstari ni wa bakteria mmoja: mistari saba ni ya wagonjwa, na mstari wa H umehifadhiwa kwa bakteria rejea, yaani bakteria ambaye MIC yake inajulikana, E. coli ATCC 25922. Kuna wanaouona mstari huo kama hasara, kwa kuwa unapunguza idadi ya sampuli, lakini kuutoa ni kubaki na sahani isiyo na shahidi.

Mfululizo wa mwisho wa gentamisini unaotakiwa ni 32, 16, 8, 4, 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125 na 0.06 mg/L. Kwa kuwa ujazo ule ule wa bakteria utaongezwa baadaye na kuipunguza dawa kwa nusu, roboti inapaswa kuandaa mfululizo wenye nguvu maradufu, ukianzia 64 mg/L. Hatua za roboti ni kama ifuatavyo.

1. Weka mikrolita 50 za mchuzi katika safu ya 2 hadi ya 11, na mikrolita 100 katika safu ya 12.
2. Weka mikrolita 100 za gentamisini ya 64 mg/L katika safu ya 1.
3. Hamisha mikrolita 50 kutoka safu ya 1 kwenda safu ya 2, changanya, kisha kutoka ya 2 kwenda ya 3, na kuendelea hadi safu ya 10.
4. Toa mikrolita 50 kutoka safu ya 10 na uzitupe kwenye chumba cha taka, kimojawapo cha vyumba vya hori la vimiminika.

Mwishoni kila kishimo cha safu ya 1 hadi ya 11 kina mikrolita 50. Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika kuliko zote katika programu ya kwanza, na ikisahaulika, safu ya 10 hubaki na ujazo maradufu, na dawa yake itazidi kiwango kilichokusudiwa bakteria wakiongezwa, kwa kuwa haitapunguzwa kwa nusu.

Tatu: hesabu vimiminika na ncha

Sahani moja hula mililita 4.8 za mchuzi: vishimo 80 vya mikrolita 50 na vishimo vinane vya mikrolita 100. Hula pia mililita 0.8 za dawa. Ukiandaa sahani tano kwa mpigo, utahitaji mililita 24 za mchuzi na mililita 4 za dawa, na juu ya hapo masazo ambayo ncha haiwezi kuyafikia chini ya chombo. Tumia hori la plastiki lenye vyumba 12, uweke mililita 14 za mchuzi katika chumba cha kwanza na nyingine 14 katika cha pili, mililita 6 za dawa katika cha tatu, na uache chumba cha kumi na mbili kiwe cha taka. Mililita mbili za dawa zinazoonekana kuwa za ziada si ubadhirifu. Ncha nane zinazonyonya kwa pamoja katika kina kidogo huanza kunyonya hewa kabla chumba hakijakauka.

Kwa upande wa ncha, mimi hubadilisha ncha katika kila hatua ya uzimuaji. Kuna maabara zinazotumia ncha zile zile kuanzia safu ya 1 hadi ya 10 ili kubana matumizi, na kwa mkono jambo hilo limezoeleka, ila filamu nyembamba ya dawa kali inayobaki ndani ya ncha husafiri nayo na kuziongezea dawa safu za mbele. Hesabu yenyewe haitishi: safu moja ya ncha kwa mchuzi, moja kwa dawa na tisa kwa uzimuaji, jumla safu 11 kwa sahani. Kasha moja la ncha 96 linatosha sahani moja na kubakiza safu ya kumi na mbili, ambayo itatosha kabisa kwa kuongezea bakteria. Na tazama namna jukwaa linavyojaa: makasha matano ya ncha, sahani tano na hori moja hutimiza zile nafasi 11.

Poda ya dawa ihesabiwe kwa nguvu yake halisi, wala si kwa uzito wa mizani pekee. Ikiwa lebo inasema mikrogramu 650 za gentamisini kwa kila miligramu ya poda, basi mililita 10 za akiba ya 1280 mg/L zitahitaji miligramu 19.7 za poda: zidisha 10 kwa 1280, kisha gawa kwa 650. Iyeyushe kwa maji tasa yaliyotakaswa. Kisha mililita 0.3 za akiba hiyo pamoja na mililita 5.7 za mchuzi hutoa zile mililita 6 za 64 mg/L. Mchuzi wenyewe uwe Mueller-Hinton uliorekebishwa kwa kalsiamu, miligramu 20 hadi 25 kwa lita, na magnesiamu, miligramu 10 hadi 12.5 kwa lita. Usilichukulie hili kama pambo la kitabuni, kwani madini hayo hubadilisha sana majibu ya gentamisini, hasa kwa Pseudomonas aeruginosa, na hakuna usahihi wa roboti utakaoponya mchuzi mbovu.

Nne: ifundishe roboti vyombo ulivyonavyo

Sahani ya vishimo ni uvumbuzi wa Gyula Takátsy wa Hungaria, mwaka 1951, na kinachoziwezesha roboti za leo kuitumia ni kwamba umbo lake lilikuja kusanifishwa: urefu wa milimita 127.76, upana wa milimita 85.48, na milimita 9 kutoka kitovu cha kishimo hadi kitovu cha kinachofuata. Kiwango hicho, hata hivyo, hakikufunga kina cha kishimo wala umbo la sakafu yake. Hapo ndipo maabara zetu zinapopata taabu, maana tunanunua sahani iliyopo sokoni mwezi huo, na ya mwezi ujao huenda ikatoka kwa mtengenezaji mwingine.

Programu ya OT-2 inakuja na maktaba ya vyombo vinavyofahamika. Kama sahani yako haimo, usichague inayofanana nayo kwa sura. Pima kwa kalipa urefu wote wa sahani, kina cha kishimo na kipenyo chake, na utengeneze faili la maelezo ya chombo hicho kwa zana ya mtengenezaji wa roboti. Kwa kawaida roboti hii hunyonya na kumwaga ikiwa milimita 1 juu ya sakafu ya kishimo. Ukiidanganya kwa milimita 2 upande mmoja, ncha itagonga sakafu na kujiziba, na upande wa pili itanyonya hewa. Sahani zenye sakafu ya duara ni nzuri kwa kusoma MIC kwa macho, kwa sababu bakteria hujikusanya katikati kama kitufe, ila zinahitaji uangalifu huu zaidi kuliko za sakafu bapa.

Baada ya hapo fanya hakiki ya mkao wa vyombo kwenye roboti yenyewe, nafasi kwa nafasi. Ncha zote nane ziwe katikati ya vishimo, isiwe ya A imekaa sawa huku ya H imeegemea ukuta. Rudia hakiki hii kila roboti inapohamishwa, hata ikiwa imesogezwa kupisha kufagia.

Tano: iambie pipeti namna ya kunyonya

Tumia pipeti ya chaneli nane ya mikrolita 20 hadi 300. Mikrolita 50 zimo vizuri ndani ya uwezo wake. Programu inaweza kuandikwa kwa Python au kuundwa kwa kuburuta vipande kwenye zana ya mtengenezaji. Kwa kazi hii njia zote mbili hufika, ingawa Python hukupa nafasi ya kuandika idadi ya sahani kama kigezo kimoja juu ya faili, usilazimike kuunda programu mpya kila siku.

Mambo manne yaandikwe wazi. Kwanza, punguza mwendo wa kunyonya na kumwaga hadi karibu nusu ya ule wa kawaida, kwa sababu mchuzi una protini na hutoa povu upesi. Pili, lowesha ncha kwa kunyonya na kurudisha mara moja kabla ya unyonyaji wa kwanza. Tatu, changanya mara tano kwa mikrolita 60 ncha ikiwa ndani ya kimiminika, na usiruhusu mpulizo wa mwisho ncha ikiwa imezama. Mpulizo uwe juu ya kimiminika, karibu na ukuta. Nne, baada ya kuchanganya iambie isubiri sekunde moja, kisha iinue ncha polepole, ili tone la nje lisibebwe hadi kishimo kinachofuata.

Kabla ya kuweka hata tone moja, iendeshe programu kwa kuigiza kwenye kompyuta na uisome orodha ya matendo inayotoka mstari kwa mstari, ukiilinganisha na karatasi uliyoiandika katika hatua ya pili. Kisha iendeshe kwenye roboti bila vimiminika, mkono wako ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha.

Sita: jaribu kwa maji na rangi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo wengi wanapopita mbio. Uzimuaji wa mfululizo hukusanya makosa. Chukua pipeti inayohamisha mikrolita 47 badala ya 50, upungufu wa asilimia 6 ambao kwa jicho hauonekani. Kila hatua, badala ya kubakiza nusu ya dawa, itabakiza 47 kati ya 97. Baada ya hatua tisa, safu ya 10 itakuwa na takriban asilimia 75 tu ya dawa iliyoandikwa kwenye ramani. Safu ya 2 itaonekana nzuri, na robo nzima ya dawa itakuwa imepotea mwishoni mwa mstari.

Jaribio la kwanza ni la mizani. Pima sahani tupu kwenye mizani inayosoma miligramu, iambie roboti iweke mikrolita 50 za maji katika vishimo vyote 96, na upime tena papo hapo kabla maji hayajavukizwa. Mililita 4.8 za maji katika joto la chumba zina uzito wa gramu 4.8 kasoro kidogo sana. Jaribio hili linakupa wastani tu. Kishimo kimoja kilichozidi na kingine kilichopungua hufichana. Ugezi rasmi wa pipeti, yaani kuhakiki usahihi wa ujazo wake, unaofuata kiwango cha ISO 8655, ufanywe pia kwa ratiba yake, wala jaribio hili la haraka lisichukue nafasi yake.

Jaribio la pili ni la rangi, nalo ndilo linalosema ukweli wa kila kishimo. Yeyusha tatrazini, ile rangi ya njano ya vyakula, katika maji, na uendeshe programu nzima ukiweka rangi mahali pa dawa na maji mahali pa mchuzi. Mwishoni ongeza ujazo sawa wa maji kwa vishimo vyote, tikisa sahani taratibu, kisha isome kwenye kisomaji cha sahani kwa mwanga wa nanomita 450 au karibu na hapo. Ukitoa usomaji wa maji matupu, kila safu inapaswa kuwa na takriban nusu ya usomaji wa safu iliyotangulia, hadi rangi inapokuwa hafifu mno kusomeka. Hakikisha safu ya 1 haizidi upeo wa kisomaji, la sivyo utaona uwiano mbovu na kuilaumu roboti bure.

Mpangilio wa makosa husema chanzo chake. Mstari mmoja ukiwa chini kwa safu zote, chaneli hiyo ya pipeti inavuja au ncha yake haikushika vizuri. Safu zote zikiteremka kwa kasi kuliko nusu, ujazo unaohamishwa ni mdogo, na mara nyingi sababu ni mchanganyo hafifu au ncha kunyonya karibu mno na sakafu. Safu za mwisho zikiwa na rangi kuliko inavyostahili, kuna mabaki yanayosafirishwa na ncha. Mimi hukubali tofauti isiyozidi asilimia 5 kati ya vishimo vinane vya safu moja, na sisongi mbele hadi sahani tatu mfululizo zimetimiza hilo.

Saba: andaa sahani za kweli na uzihifadhi

Faida kubwa ya kutenga sehemu isiyo na bakteria inaonekana hapa, kwa sababu si lazima sahani zitumike siku ile ile. Roboti inaweza kutenga siku moja kuandaa sahani za kutosha wiki nyingi, zikafunikwa kwa karatasi tasa ya gundi, zikafungwa katika mifuko ya plastiki na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi −60 au chini zaidi. Friza ya kawaida ya nyuzi −20 haifai, hasa ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, na sahani ikishayeyuka isigandishwe tena. Gentamisini ni mvumilivu. Imipenemu na klavulaniti hazina uvumilivu huo, na sahani zake zinahitaji tarehe fupi za kuisha muda na bakteria rejea wanaoweza kufichua dawa iliyooza.

Kila sahani ipewe msimbopau au lebo yenye jina la dawa, toleo la mchuzi, toleo la poda, tarehe, toleo la programu iliyotumika na jina la aliyesimamia. Toleo la programu ndilo linalosahaulika. Mtu akibadilisha mwendo wa pipeti siku ya Jumanne bila kuandika, hakuna atakayejua kwa nini sahani za Jumatano zinasoma tofauti. Kutoka kila kundi toa sahani moja, uiweke inkubeta bila bakteria usiku kucha ili kuhakiki utasa, na nyingine uipime kwa bakteria rejea kabla ya kuliruhusu kundi litumike.

Nane: siku ya kuongeza bakteria

Acha sahani ziyeyuke na kufika joto la chumba. Chukua koloni kutoka agari ya usiku mmoja, uzichanganye katika maji ya chumvi tasa hadi ukungu wake, yaani kutokuwa wazi kwa kimiminika, ulingane na 0.5 ya kipimo cha McFarland, ambao kwa E. coli ni takriban bakteria 100,000,000 kwa mililita. Weka mikrolita 100 za mchanganyiko huo katika mililita 9.9 za mchuzi, upate takriban 1,000,000 kwa mililita. Mikrolita 50 za huu zikikutana na mikrolita 50 za kishimo, unapata kiwango kinachotakiwa cha 500,000 kwa mililita. Mikrolita 700 kwa kila bakteria, zikiwekwa katika safu moja ya sahani yenye vishimo virefu kuanzia A hadi H, zinatosha safu 11 na kubakiza kidogo.

Bakteria waongezwe kuanzia safu ya 11 isiyo na dawa, kisha ya 10, na kurudi nyuma hadi ya 1, yaani kutoka dawa hafifu kwenda dawa kali, ncha ikiwa juu ya kimiminika bila kukigusa. Kwa utaratibu huo safu moja ya ncha hutosha sahani nzima, na ile safu ya kumi na mbili iliyobaki kwenye kasha hupata kazi yake. Safu ya 12 usiiguse. Kazi hii ikamilike ndani ya nusu saa tangu ukungu uliposawazishwa, kwa sababu bakteria wanaendelea kuzaliana wakati wewe unatafuta kalamu.

Hakiki idadi yao. Toa mikrolita 10 kutoka kishimo cha safu ya 11, uziweke katika mililita 10 za maji ya chumvi, na upake mikrolita 100 kwenye agari. Koloni karibu 50 asubuhi yake maana yake idadi ilikuwa sahihi. Kati ya 20 na 80 inakubalika. Sahani zifunikwe na kuwekwa inkubeta kwa nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20, zikipangwa juu ya nyingine zisizidi nne ili joto lizifikie zote kwa usawa.

Tisa: soma kwa macho, kisha linganisha na mkono

Usomaji ubaki kwa mtaalamu, angalau mwanzoni. Kisomaji cha sahani kinaweza kusaidia, lakini hakijui kwamba doa kwenye kishimo ni povu, wala hakijui kwamba trimethoprimu na salfa husomwa pale ukuaji unapopungua kwa asilimia 80, wakati gentamisini husomwa pale ukuaji unapokoma kabisa. Mstari wenye kishimo kisicho na ukuaji kikifuatiwa na chenye ukuaji katika dawa kali zaidi hausomwi kwa kubahatisha, hurudiwa. Makosa ya namna hiyo yakijitokeza katika safu ile ile kwenye sahani mbalimbali, kagua roboti kabla ya kumkagua bakteria.

Soma mstari wa H kwanza. Gentamisini kwa E. coli ATCC 25922 inapaswa kutoa MIC kati ya 0.25 na 1 mg/L. Ikiwa nje ya hapo, mistari saba mingine haitolewi majibu, hata kama inaonekana ya kupendeza na daktari anapiga simu.

Kabla roboti haijaingia katika kazi ya kila siku, pima bakteria wasiopungua 30 kwa njia zote mbili, roboti na mkono, wakiwemo wanaouawa na dawa, walio sugu, na walio karibu na mpaka. Majibu mawili yanahesabiwa kuwa yanakubaliana yakitofautiana kwa hatua moja tu ya uzimuaji, kwa mfano 2 na 4 mg/L. Kipimo kinachotumika sana ni makubaliano ya asilimia 90, yaani 27 kati ya 30. Lakini usitosheke na idadi hiyo. Tazama upande wa tofauti. Tofauti zote zikielekea juu, dawa kwenye sahani za roboti ni hafifu kuliko ilivyoandikwa, na unarudi kwenye tatrazini hata kama umefaulu.

Kumi: umeme, usafi na utunzaji

Roboti iunganishwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, inayoweza kuishikilia hadi programu ya sahani moja iishe. Umeme ukikatika katikati ya uzimuaji, roboti hii haiendelei ilipoishia ukirudi. Hurudi nyumbani kwake na kusubiri kuanza upya. Sahani iliyokatizwa hutupwa, wala isimaliziwe kwa mkono kwa kukisia ilikuwa imefika safu ya ngapi.

Jukwaa lifutwe kwa ithanoli ya asilimia 70 kabla na baada ya kazi. Klorini hula chuma na alumini, kwa hiyo ikilazimika kutumika baada ya kumwagika kwa kitu, ifuatwe mara moja na kitambaa chenye maji safi na kukaushwa. Ncha na sahani zilizoguswa na bakteria zipitie otoklevu kwa nyuzi 121 kabla ya kuondoka maabara. Chumba cha taka cha hori, ambacho kina dawa isiyo na bakteria, kisimwagwe kwenye sinki. Kikusanywe pamoja na taka za dawa kama maabara yako inavyoelekeza.

Jaribio la rangi lirudiwe kila mwezi, kila mara aina ya ncha au sahani inapobadilika, na kila baada ya matengenezo. Daftari la majaribio hayo likae kando ya roboti, na nakala ya programu inayotumika ihifadhiwe mahali pawili, mojawapo nje ya kompyuta inayoiendesha. Dawa ya pili iongezwe baada ya gentamisini kukaa ndani ya mipaka ya mstari wa H kwa makundi kadhaa mfululizo, na ampisilini inafaa kufuata, kwa kuwa bakteria rejea yule yule anaihakiki kati ya 2 na 8 mg/L, isipokuwa tu kwamba sahani zake hazikai muda mrefu kama za gentamisini.